Mapigo Manne ya Don Ventura

Jumanne, 4 Juni

Tumepata! Jumamosi ya tarehe 22, saa tisa alasiri, jukwaa la kona ya barabara ya Division, tamasha la mtaa. Nilsa wa kamati kanipigia mwenyewe. Wanataka Dos Barriles, yaani Mapipa Mawili, yaani mimi na Anselmo: bomba, ngoma ya mapipa ya wazee wetu wa Puerto Rico, ndani ya muziki wa haus uliozaliwa hapahapa Chicago. Ndivyo nilivyoandika kwenye maombi. Anselmo hajui kama tuliomba. Nilsa kasema nikija peke yangu hilo litakuwa pipa moja, na nafasi atampa Rolo.

Rolo! Anajiita DJ Fulminante, yaani Radi. Anatoka Berwyn, nje ya mji, na mashine ya moshi wa jukwaani. Bibi yake aliwahi kuwa na santuri moja ya bomba, basi siku hizi na yeye ni mrithi wa mila.

Tatizo ni Anselmo. Baba yake, Don Ventura, katolewa hospitali jana. Si kwamba kapona. Mapafu yamekwisha, wamemrudisha na mashine ya hewa ili afie kitandani kwake. Daktari kakataza asipande ngazi, asinyanyue kitu, asiguse ngoma. Anselmo alinieleza haya huku analia, nami nilihuzunika kwelikweli, nikamkumbatia. Kisha nikawaza: hatujawahi kumrekodi mzee. Mpiga ngoma bora kuliko wote waliotoka Loíza, kule Puerto Rico, wakaja kukaa huku kwenye baridi, na sisi miaka yote tunatumia ngoma za kwenye kompyuta.

Nikamgusia Anselmo, kwa upole. Akasema nikiingia na kinasa sauti ndani ya nyumba ile atakitupa dirishani, na mimi nitakifuata. Wanakaa ghorofa ya tatu. Nimemwelewa, ana uchungu. Atabadilika.

Alhamisi, 6 Juni

Hakubadilika, kwa hiyo nimemsaidia.

Alinipigia asubuhi. Anatoka kufuata dawa, mama yake Doña Carmelina yuko misani, je, ninaweza kukaa na mzee kidogo? Akasema mtu mwingine wa kumwachia hana. Maneno hayo yaliniingia. Nilipanda ngazi zote zile na goti langu bovu (tangu Machi, nilipoteleza kwenye barafu na spika mgongoni, mguu wa kushoto unaburuta), nikafika juu nikiwa hoi. Anselmo akanishika bega, akanishukuru, akaondoka. Kinasa sauti kilikuwa kwenye soksi.

Nikaivuta ngoma yake kutoka pembeni, nikaisogeza kitandani, nikajifanya naifuta vumbi. Don Ventura akaitazama ngoma. Akanitazama mimi. Kisha akaitazama miguu yangu, akaniambia soksi yangu inawaka taa nyekundu.

Hakukasirika. Aliomba nimwinue kwenye mito, akaiweka mikono juu ya ngozi, akauliza nani anacheza. Nikamwambia hakuna, mzee apige tu, wachezaji tutawatafuta baadaye. Alinishangaa kama nimemwambia ajibu barua ambayo haijaandikwa. Akaniuliza nimekulia wapi mimi. Kwenye bomba ngoma kuu haimwongozi mtu. Mchezaji anasema kwa mguu, kwa bega, kwa sketi, ngoma inajibu. Bila mguu yeye hana cha kupiga. Akasema: cheza wewe.

Mimi! Mimi ni dijei. Kazi yangu ni kuchezesha, si kucheza. Lakini taa ilikuwa inawaka, betri zinakwenda. Nikainama mbele ya ngoma kama ipasavyo, nikaanza. Goti likagoma. Nilipotupa mguu wa kulia, ngoma ikanijibu vizuri. Nilipovuta wa kushoto, nayo ikavuta mapigo, pole pole, kwa kunidhihaki. Nikajikwaa kwenye mrija wa hewa, nikapepesuka mpaka kabatini, na mikono ya mzee ikanidaka njiani, pa, pa, pa-pa, kana kwamba kuanguka kwangu kulipangwa.

Alicheka mpaka kifuniko cha hewa kikajaa ukungu. Akasema amewafuata wachezaji Loíza, San Juan na Chicago, lakini hajawahi kumfuata kiwete anayetafuta choo gizani. Akataka tena. Tukarudia. Nilikuwa natoka jasho na nilifurahi, sijui kwa nini nilifurahi hivyo.

Kisha akachoka ghafla. Akauliza kama pitirre ameshakula. Pitirre ni ndege wetu mdogo wa kule kisiwani, yule anayemfukuza mwewe. Nyumba ile hawafugi ndege. Akauliza tena. Nikaona ugonjwa umempanda kichwani, nikamwambia ameshakula, mzee, kashiba. Akasema basi vizuri. Akafumba macho.

Nikairudisha ngoma pembeni. Anselmo aliporudi aliuliza kama palikuwa shwari. Nikamjibu palikuwa kimya kama kanisani.

Ijumaa, 7 Juni

Don Ventura kafariki alfajiri.

Nimelia jikoni nikiwa nimeshika kikombe. Alinifundisha kuendesha gari. Aliniita mpumbavu tangu nikiwa na miaka tisa, na hakuna mtu aliyewahi kuniita hivyo kwa upendo mwingi namna ile.

Hayahusiani. Mapafu yalikuwa yamekwisha, daktari mwenyewe alisema. Alitoka damu puani baada ya mimi kuondoka, kasema Anselmo, lakini hata watu wenye afya hutoka damu puani.

Jioni nimejaribu kusikiliza. Sauti imetoka safi ajabu.

Jumapili, 9 Juni

Kazi ya usafi. Rekodi imejaa takataka: kikohozi, mashine ya hewa, kicheko kirefu, mzee kunitukana, maswali ya ndege, mimi nikihema kama punda. Nimekata, nimekata. Mwishowe kimebaki kipande kimoja cha dhahabu: mapigo manne, pale nilipojikwaa kwenye mrija na ngoma ikanidaka. Nimekiweka kijirudie juu ya mdundo wa haus. Nywele zilinisimama. Rolo akisikia hiki atarudi Berwyn kuuza moshi wake.

Kisha nikapata wazo la tahadhari. Anselmo akiisikia rekodi nzima atajua ilikuwa siku gani. Sauti ya mashine ya hewa peke yake inatosha kunitundika. Kwa hiyo nimeifuta. Kwenye kinasa sauti na kwenye kompyuta pia. Kompyuta ilikuwa imejaa hata hivyo.

Nimelala usingizi mzuri.

Jumanne, 11 Juni

Mazishi. Mvua. Watu wengi mno, wapiga ngoma wenye vichwa vyeupe wamesimama barabarani na ngoma zao zimefunikwa mifuko ya plastiki.

Nilipeleka shada la maua. Nililifanyia kazi. Utepe mwekundu, maandishi ya dhahabu: KUTOKA KWA DOS BARRILES, JUMAMOSI TAREHE 22, SAA TISA, KONA YA DIVISION. Nilidhani mzee angependa watu wajue. Doña Carmelina aliusoma utepe pole pole, akaugeuza upande wa nyuma, akaulaza chini. Nadhani upepo ulikuwa unamsumbua.

Shada la Rolo lilikuwa kubwa kuliko langu. Lilikuwa na umbo la ngoma. Hata hakumjua!

Nilimnong'oneza Anselmo kaburini kwamba tuna nafasi kwenye tamasha. Haikuwa wakati wake, sasa naona. Lakini tarehe inakaribia.

Alhamisi, 13 Juni

Siku ya tatu kati ya tisa za rozari ya kumwombea mzee. Kila jioni watu wanajaa sebuleni kwa akina Anselmo, wanasali, kisha kahawa, jibini na biskuti za chumvi. Anayeongoza ni Doña Provi, aliyecheza mbele ya ngoma ya Don Ventura tangu wote wawili wakiwa na meno. Akisali, mguu wake unagonga sakafu chini ya kiti, na wenzake wote wanaufuata bila kujua.

Rolo kaja. Kakaa mbele. Anajua rozari yote kwa moyo, na ana sauti nzuri, shetani huyu. Mimi nilipotea kati ya fumbo la pili na la tatu, Doña Provi akaniambia mbele ya watu, we kijana, kama umekuja kwa ajili ya biskuti, subiri zije. Nina miaka arobaini na moja.

Baadaye nilimbana Anselmo kwenye ngazi. Kasema Dos Barriles imekwisha. Kasema kila akisikia ngoma anataka kutapika. Nikamwambia mzee asingependa hivyo. Akanijibu mzee hapendi wala hachukii kitu sasa hivi, Berto, mzee yuko ardhini na mvua inanyesha.

Nilikaa kwenye ngazi muda mrefu baada ya yeye kuingia ndani. Bila Anselmo mimi ni mtu mwenye goti na nyaya. Nilimjua kabla sijajua kufunga viatu.

Jumatano, 19 Juni

Leo rozari imekwisha, na leo nimefaulu!

Nilimwita Anselmo garini kwangu. Nikamwambia nina kitu. Nikasema, na hapa nilikuwa nimejiandaa vizuri, kwamba Krismasi ya mwaka juzi, alipokuwa Orlando kwa dada yake, mzee alipita kwangu akapiga ngoma kidogo, nami nikanasa kipande. Nimekikumbuka juzi tu. Nikamsikilizisha yale mapigo manne.

Aliufunika uso kwa mikono yote miwili. Akaomba tena. Akaomba tena. Kioo cha gari kikashika ukungu. Akasema huo ni mkono wa baba, hakuna mwingine duniani wenye mkono huo. Kisha akauliza kama kuna sauti yake, neno lolote, hata kukohoa. Alisema baba aliondoka bila kuaga, na kwamba kitu kinachomtesa ni kwamba hakumbuki neno la mwisho aliloambiwa. Nikamjibu hapana, mzee alikaa mbali na kinasa sauti, ngoma tu ndiyo ilisikika.

Hapo nikashusha kioo. Garini palikuwa na joto.

Anselmo kasema atakuja Jumamosi. Ataleta ngoma yake ya kuitikia, atapiga juu ya mkono wa baba yake. Kanishukuru. Kasema nimemrudishia kitu.

Jumamosi, 22 Juni

Naandika haya bafuni kwa sababu taa ya chumbani imeungua. Inafaa.

Ilianza vizuri kuliko nilivyoota. Jua. Division nzima imefungwa magari, bendera kila dirisha, moshi wa nyama. Nikaanza na mdundo wa haus mtupu, vijana wakaja. Nikaingiza yale mapigo manne, wazee nao wakageuka. Anselmo akaketi juu ya ngoma yake, akafumba macho, akaanza kumwitikia baba yake. Wallahi ilipendeza. Rolo alisimama mbele kafumbata mikono, na mguu wake ulikuwa unacheza bila ruhusa yake. Niliuona.

Kisha watu wakafungua njia. Doña Provi, sketi nyeupe, mgongo umenyooka. Alikuja mpaka mbele ya spika, akainama kuisalimu ngoma, kama alivyoinama mbele ya Don Ventura maisha yake yote. Akatupa bega. Akangoja.

Mapigo manne yakaendelea na safari yao.

Akatupa bega tena. Akaipiga sketi kushoto, akakita mguu. Mapigo manne, yaleyale. Watu walidhani ni madoido, wakashangilia. Lakini mimi niliuona uso wake, ulikuwa uso wa mtu aliyemsalimu rafiki barabarani na rafiki akapita. Akaacha kucheza. Akaisogelea spika, akatega sikio, akasikiliza kwa makini.

Alipanda jukwaani akamwambia Anselmo, wala hakunong'ona, kwamba mkono ni wa Ventura lakini hamjibu yeye. Anamjibu mtu mwingine. Na akaanza kuonyesha kwa miguu yake kile ngoma ilichokuwa inajibu. Mguu wa kulia, sawa. Mguu wa kushoto, unaburutwa. Kisha kujikwaa, kupepesuka. Mapigo yakajirudia, na yeye akarudia: kulia, kuburuta, kujikwaa. Kulia, kuburuta, kujikwaa. Akauliza masikini huyu ni nani, na kwa nini mnamwangusha kila mara, mbona hamumwachi apite?

Wazee wa mbele wakaanza kucheka. Mmoja akasema kwa sauti, kumbe huyo ni Berto. Macho yote yakanishukia mguuni. Nikajaribu kusimamia mguu wa kulia peke yake, nikaiangukia meza.

Anselmo hakucheka. Yeye ndiye aliyenibeba hospitali mwezi wa Machi. Krismasi ya mwaka juzi nilikuwa na magoti mawili mazima, na anajua hivyo kuliko mtu yeyote. Aliacha kupiga. Akanijia sikioni, akauliza lini. Nikasema tutaongea baadaye. Akauliza tena lini. Nikamwambia ni ile siku ya dawa.

Akanyoosha mkono, akauzima muziki.

Nilingoja ngumi. Ningeipokea. Lakini aliniuliza kitu kingine: baba alicheka? Nikasema ndiyo, sana. Alisema nini? Nikababaika. Akasema hilo la kumpigisha ngoma mtu anayekufa tutaliongea siku nyingine, mimi na wewe, na sijui tutaliongeaje. Sasa hivi anataka rekodi nzima. Yote, tangu mwanzo. Anataka kumsikia baba yake akicheka.

Nikamwambia ndiyo, bila shaka, iko nyumbani.

Tulipokuwa tunashuka, mashine ya moshi ya Rolo ilikuwa imeshaanza kunguruma.

Jumapili, 23 Juni

Nimeitafuta. Nilijua haipo, lakini nimeitafuta. Nimefungua kila kitu kwenye kompyuta, nimekuta hata picha za harusi yangu ambazo nilidhani mke wangu wa zamani alizifuta. Mzee hayupo.

Nikakaa sakafuni. Kisha nikasimama, kwa sababu nimepata wazo, na ni wazo la huruma. Anselmo anachohitaji ni nini? Ni sauti ya baba yake ikimwambia maneno mazuri. Sauti ya mzee ilikuwa nzito na imepasuka, mdomo umefunikwa. Mtu yeyote akiwa na mto mdomoni anasikika hivyo.

Nimewasha feni iwe mashine ya hewa. Nimefunika mdomo kwa mto. Nimekohoa mpaka nikakohoa kweli. Nimesema: mwanangu Anselmo, ninakupenda, ninajivunia wewe. Nikanyamaza kidogo. Nikaongeza: Berto ni kijana mwema, msiachane.

Nimejisikiliza mara nyingi. Sehemu ya Berto ilinitoa machozi.

Jumatatu, 24 Juni

Nilikwenda mchana. Jikoni kwao, mezani. Anselmo alikuwa amenyoa ndevu na kuvaa shati safi, kana kwamba anakwenda kupokea mtu uwanja wa ndege. Doña Carmelina aliketi karibu naye, mikono mapajani. Nikaeleza kwamba sehemu kubwa imeharibika, betri, unyevunyevu, lakini nimeokoa kidogo. Nikabonyeza.

Feni. Kikohozi. Maneno yangu.

Doña Carmelina alisimama kabla hayajaisha, akaenda kwenye moto, akatupa mgongo. Anselmo alisikiliza hadi mwisho. Alikuwa anaitazama meza. Kisha akasema, kwa sauti ya kawaida kabisa, kwamba ndani ya nyumba hii baba yake hajawahi hata siku moja kumwita Anselmo. Anselmo lilikuwa jina la shule na la polisi. Nyumbani aliitwa Pitirre, tangu mdogo, kwa sababu aliwakimbiza watoto wakubwa kuliko yeye. Mbele ya wageni hawakulitumia.

Niliinuka kiti kikaanguka. Nikamwambia: Pitirre! Alikuulizia! Alikuulizia mara mbili, Anselmo, mwishoni kabisa, aliuliza kama Pitirre ameshakula, nami nikadhani ni ndege, nikamwambia kashiba, akasema basi vizuri, akalala. Hilo ndilo neno lake la mwisho kwangu. Naapa kwa kaburi la mama yangu.

Kila neno lilikuwa kweli. Sijawahi kusema kweli nyingi hivyo kwa pumzi moja.

Anselmo alinitazama. Macho yake yalitaka kuamini, niliyaona yakitaka. Kisha akasema: "Jina nimekutajia mimi sasa hivi, na wewe sasa hivi umeshalitumia."

Nikaapa tena. Akaniambia niondoke. Hakupaza sauti. Akasema, "Ondoka Berto, tafadhali, kabla sijakuchukia mbele ya mama."

Mlangoni Doña Carmelina alinipa sahani ya wali wa mbaazi imefunikwa, kwa sababu hajui kumtoa mtu nyumbani kwake na njaa. Hakuniangalia usoni. Nimeula nikiwa nimesimama kwenye ngazi, na wali ulikuwa mtamu, na nilikuwa nalia, na jirani aliyepita aliniambia nimpishe.

Alhamisi, 27 Juni

Mtaa mzima unajua. Rolo kaingiza mchezo mpya kwenye onyesho lake, anaburuta mguu wa kushoto ndani ya moshi, na watu wanaburuta naye. Anselmo Jumapili atapiga ngoma kwenye ukumbi wa kanisa, yeye na Doña Provi, bila mashine wala waya. Sikualikwa.

Jana mchana niliweka kile kipande. Nikainama mbele ya spika. Nikacheza. Nilijikwaa, mzee akanidaka. Nikajikwaa tena, akanidaka tena. Nilicheza hivyo mpaka goti likavimba. Ninamkumbuka sana. Nilitaka anitukane na hakuna tusi hata moja lililobaki.

Leo nimefikiri kwa utulivu na nimegundua kosa langu lilikuwa wapi. Soksi. Ilikuwa nyembamba, taa ikapenya, mzee akajua anarekodiwa, mambo yakaharibika tangu hapo.

Na dawa ya yote ninayo. Doña Carmelina. Yeye ndiye pekee anayejua jinsi mzee alivyomwita Anselmo, alivyoongea, alivyocheka, na akianza kusimulia jikoni hanyamazi. Jumatatu nilimsikia anakohoa, kikohozi kibaya. Nikimrekodi sasa, bila yeye kujua ili aongee kwa uhuru, siku moja nitampa Anselmo zawadi hiyo na ataona moyo wangu. Sababu ya kwenda ninayo: nina sahani yao ya kurudisha. Kesho Anselmo yuko mazoezini, hatakuwepo.

Nimenunua soksi nzito za sufu. Nimenunua betri. Kitu kimoja tu kilinikwamisha, kompyuta inalalamika imejaa, na bi mkubwa akifungua mdomo ni saa nzima. Nimepitia vilivyomo, nikaona ambacho hakina faida tena ni kile kipande cha mapigo manne, maana Rolo ameshakichafua na mguu wangu unasikika waziwazi.

Nimekifuta. Sasa nafasi ipo tele.